Nina presha na mimba ya wiki 15: je, niache vidonge?

Swali: Daktari, shikamoo. Nina miaka 30, naishi Muheza. Mimba yangu ya kwanza, mwaka 2021, presha ilipanda nikiwa wiki ya 32. Nikaanguka kifafa nyumbani alfajiri, nikazinduka hospitalini nimeshapasuliwa. Mtoto wa kike aliishi siku tatu. Presha haikushuka tena, duka la dawa wakanizoesha losartan. Sasa nina mimba ya wiki 15. Losartan niliinywa mpaka wiki ya tisa, kliniki wakaniachisha, wakanipa Aldomet ya 250, kimoja mara tatu kwa siku. Juzi nimepimwa 146/92. Siumwi popote. Mama mkwe anasema vidonge vitamlemaza mtoto, nile kitunguu saumu kila asubuhi na niache chumvi kabisa, na kwamba kile kifafa kilikuwa jini. Mume wangu yuko kimya. Je, niache dawa? Ile losartan imeshamdhuru mtoto? Kifafa kitarudi? Na nitaweza kuzaa kwa njia ya kawaida?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole kwa binti yako, na mtu asikuambie ni siku tatu tu.

Vidonge usiache. Mengine nitayajibu bila kufuata mpangilio wako, kwa sababu kuna jambo ambalo hukuliuliza nalo ndilo lenye haraka kuliko yote: hukuniambia kama umeanzishiwa aspirini. Kama bado, nenda kliniki wiki hii, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nazungumzia aspirini ndogo, ile ya miligramu 75, ambayo mwanamke mwenye historia kama yako hupewa kila siku tangu wiki ya 12. Nchi nyingine hutoa miligramu 150, inywe usiku. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa wanawake walio kwenye hatari, dozi hiyo ya 150 ikianza kati ya wiki ya 11 na 14 inapunguza kwa zaidi ya nusu ile presha kali inayolazimisha mtoto kutolewa kabla ya wiki ya 37. Ikianza baada ya wiki ya 16 faida inapungua sana. Wewe uko wiki ya 15, kwa hiyo bado mlango uko wazi, lakini kwa siku chache. Mwambie daktari kama una vidonda vya tumbo, kama una pumu, au kama aspirini iliwahi kukuletea matatizo. Na usijinunulie ile kubwa ya maumivu ukaikata vipande.

Nikueleze kwa nini kidonge kidogo hivyo kinahusika, kwani hapo ndipo jibu la lile jini pia lilipo.

Mimba inapotunga, kondo la nyuma linatuma mizizi kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Mizizi hiyo ina kazi moja kubwa: kuitanua mishipa midogo ya damu ya mama, iliyojipinda kama skrubu, mpaka iwe mipana na milegevu, damu imfikie mtoto bila kubanwa. Kazi hiyo inafanyika zaidi kabla ya wiki ya 20. Kwa baadhi ya wanawake haikamiliki. Mishipa inabaki myembamba, kondo linapata damu kidogo, na linapozidi kukua linaanza kumwaga kwenye damu ya mama kemikali zinazoharibu utando wa ndani wa mishipa yake yote. Mishipa ya figo ikiumia, protini inavuja kwenye mkojo. Ya ini ikiumia, unapata maumivu chini ya mbavu za kulia au kwenye chembe ya moyo. Ya ubongo ikiumia, kichwa kinapasuka, macho yanaona vimulimuli, na mwisho mwili unakakamaa na kutupwatupwa. Hicho ndicho kifafa cha mimba. Hakina undugu na kifafa cha kawaida, na hakijali kama ukoo wenu una mizimu au hauna.

Tazama basi jinsi mambo yalivyopangika. Presha ni moshi. Moto uko kwenye kondo. Aldomet inapunguza moshi, na hiyo si kazi ndogo, kwa sababu moshi wenyewe unaua: presha ikifika 160/110 mshipa wa kichwani unaweza kupasuka. Lakini hakuna kidonge kinachozima moto. Unazimika kondo likitoka, na ndiyo maana kazi yetu yote ya miezi hii ni kukupima mara kwa mara, tukitafuta siku ambayo mtoto amekomaa vya kutosha na wewe bado hujaumia.

Sasa, hiyo "siumwi popote" yako ndiyo sentensi iliyonitisha kuliko yote uliyoandika. Presha hii haiumi. Wakati ninaanza kazi, tulikuwa katika hospitali ya wilaya ambako vijiti vya kupimia mkojo vilikuwa vikiisha kila mwezi. Mkunga mkuu, mama mmoja mkali sana, alikuwa anachukua mkojo kwenye kijibomba cha kioo, anakiinamisha juu ya moto wa kibatari cha spiriti, anachemsha sehemu ya juu tu, kisha anadondoshea siki kidogo. Mkojo wa kawaida unabaki mweupe kama maji. Siku moja alinionyesha wa binti mmoja aliyekuja kliniki kwa miguu yake, anacheka na wenzake kwenye benchi. Ulipopata moto uliganda, kama ute wa yai unapowekwa kwenye kikaango. Tukampima presha: 170/115. Yule binti alikuwa anatuuliza kwa nini tunamchelewesha, ana mahindi ameyaanika. Hakurudi nyumbani siku ile, na alipona, yeye na mtoto wake.

Kwa hiyo ukienda kliniki wakapima uzito tu na kukuambia urudi mwezi ujao, usinyanyuke. Sema kwa upole, lakini sema: naomba kupimwa presha na mkojo, mimi nilishawahi kupata kifafa cha mimba. Na iandikwe juu ya kadi kwa herufi kubwa, ili hata nesi wa zamu asiyekujua aione kabla hajafungua ndani.

Kuhusu Aldomet yenyewe. Jina lake la kitaalamu ni metildopa, na wajawazito wameinywa tangu miaka ya 1960. Huko Uingereza watoto ambao mama zao waliinywa walifuatiliwa mpaka umri wa miaka saba na nusu, wakaonekana sawa na wenzao. Hakuna dawa ya presha iliyochunguzwa kwa muda mrefu zaidi tumboni. Itakufanya usinzie wiki ya kwanza, mdomo utakauka, na ukisimama ghafla unaweza kuona kizunguzungu. Wengine inawatia huzuni. Ukijiona unalia bila sababu, sema. Lakini ulemavu, hapana. Mwambie mama mkwe hivi: kinachomdumaza mtoto tumboni ni presha isiyotulizwa na kondo linalokosa damu.

Tena nikuambie, 146/92 ukiwa tayari unakunywa dawa maana yake dawa haijatosha. Vidonge vitatu vya 250 ni dozi ya kuanzia, inaweza kupanda mara mbili au tatu ya hapo. Zamani sisi madaktari tuliachia presha kama yako, tukihofia kwamba tukiishusha damu itapungua kwa mtoto. Utafiti uliofanyika Marekani kwa wanawake zaidi ya 2,400 wenye presha ya kudumu, ukatolewa mwaka 2022, ulituondolea hofu hiyo: walioshushwa chini ya 140/90 walipatwa na presha kali mara chache zaidi na kuzaa watoto njiti wachache, na watoto wao hawakuwa wadogo kuliko wengine. Kwa hiyo omba daktari aangalie upya dozi, au aongeze nifedipini ile inayofanya kazi polepole. Labetaloli nayo inafaa, ila inategemea kama ipo hospitalini kwenu. Usijiongezee mwenyewe.

Losartan. Hapa wasiwasi wako una msingi, lakini si mkubwa kama unavyoubeba. Dawa za kundi hilo zinaharibu figo za mtoto na kukausha maji ya chupa, na madhara hayo hutokea hasa kuanzia miezi ya kati na ya mwisho. Wewe uliacha wiki ya tisa. Wanawake wengi wanagundua mimba wakiwa wanazitumia na watoto wao wanazaliwa salama. Kinachotakiwa ni altrasaundi ya kina kati ya wiki ya 18 na 22, mpimaji aangalie figo za mtoto na kiasi cha maji. Kwa wasomaji wengine wenye presha ambao bado wako kwenye umri wa kuzaa: soma jina kwenye boksi. Likiishia na "sartan" au na "pril", kama losartan, telmisartan, captopril, enalapril au lisinopril, hiyo si dawa ya mjamzito. Kama unapanga mimba, badilishiwa kabla. Na dawa za kukojoza kama Lasix msizinywe kwa sababu miguu imevimba. Miguu ya mjamzito huvimba hata asiye na presha. Ninachokiogopa ni uso kuvimba ghafla, au pete kugoma kutoka kidoleni asubuhi.

Kitunguu saumu kiweke kwenye mchuzi, hakuna ubaya, ila si dawa ya presha hii. Chumvi usiiache kabisa. Kuacha chumvi hakuzuii kifafa cha mimba, na chumvi yetu ya dukani imewekwa madini joto ambayo ubongo wa mtoto unayahitaji. Tia ya kawaida jikoni, acha ya kunyunyizia mezani, basi. Kulala kitandani kutwa nzima nako hakuzuii kitu, na damu inaweza kuganda miguuni. Fanya kazi zako ndogondogo, tembea.

Kuna kimoja cha jikoni ambacho kina nguvu kweli: kalsiamu. Wanawake wetu wengi hawapati ya kutosha, hasa ambao maziwa ni ya chai tu. Shirika la Afya Duniani lilikuwa likipendekeza gramu moja na nusu mpaka mbili kwa siku, vidonge vitatu vikubwa kama punje za maharage, na akina mama walikuwa wanavitupa. Kisha ukafanyika utafiti hapa kwetu Dar es Salaam kwa wanawake 11,000 wenye mimba ya kwanza, na mwingine kama huo Bangalore, India. Matokeo yalitoka Januari 2024. Kwa Dar es Salaam, waliokunywa miligramu 500 tu walipata dalili za kifafa cha mimba kwa asilimia 3.0, na waliokunywa 1,500 asilimia 2.7, kitaalamu kidonge kimoja hakikuzidiwa na vitatu. Wewe ni mimba ya pili na una historia, kwa hiyo daktari ndiye ataamua dozi. Ila usivinywe pamoja na vidonge vya kuongeza damu, kwa kuwa vinagombana tumboni. Vipishanishe saa mbili au zaidi. Na dagaa ule na mifupa yake.

Je, kitarudi? Sitakudanganya. Kati ya wanawake watatu waliolazimika kujifungua kati ya wiki ya 28 na 34 kwa sababu hii, mmoja hurudiwa na zile dalili za awali za kifafa cha mimba, yaani presha na protini kwenye mkojo, kwenye mimba inayofuata. Na wewe una presha ya kudumu, ambayo peke yake hufanya karibu mmoja kati ya wanne kupata dalili hizo. Kurudiwa na kifafa chenyewe, kile cha kuanguka, ni nadra zaidi, na kwa mtu anayefuatiliwa ni nadra mno. Ndiyo maana nataka sasa hivi, ukiwa hujafika wiki ya 20, upimwe damu ya figo, ini na chembe sahani (zile za kugandisha damu), pamoja na protini ya mkojo. Vipimo hivyo vya leo ni kama picha ya ukuta kabla ya nyufa. Ikifika wiki ya 28 tukaona protini, tutajua kama ni mpya au ulikuja nayo.

Tuachane na hili wazo kwamba presha ni ugonjwa wa wanene na wavivu. Allyson Felix wa Marekani, mkimbiaji mwenye medali nyingi za Olimpiki kuliko wanariadha wenzake wote wa nchi ile, alienda kliniki ya kawaida mwaka 2018 akiwa mjamzito, hajisikii vibaya. Wakakuta presha na protini. Akapasuliwa wiki ya 32, wiki ile ile kama yako. Mtoto wake alikaa wodi ya njiti karibu mwezi, leo anakimbia. Mwenzake wa timu ya kupokezana vijiti iliyoshinda dhahabu Rio mwaka 2016, Tori Bowie, alikutwa amefariki nyumbani kwake mwaka 2023, mimba ya miezi minane hivi, peke yake. Waliochunguza mwili waliandika kifafa cha mimba miongoni mwa sababu zinazowezekana. Sikutajii haya kukutisha. Nataka mume wako aliye kimya ayasome.

Yeye ndiye mwenye kazi nyumbani. Kama mnaweza, nunueni mashine ya presha ya mkono wa juu. Ile ya kifundo cha mkono iacheni dukani. Uipeleke kliniki mara ya kwanza walinganishe na yao, kwa sababu baadhi ya mashine zinasoma chini hali hii inapoanza. Kupima kwenyewe watu wanakosea: wanatoka kisimani, wanakaa, wanavaa. Nenda haja ndogo kwanza, kaa dakika tano umeegemea kiti, miguu chini bila kupishana, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, nguo isiwepo katikati, na usiongee. Mkanda ukiwa mdogo kuliko mkono, unasoma juu kuliko ilivyo. Asubuhi na jioni, andika kwenye daftari. Ikifika 150/100, nenda kliniki siku hiyo hiyo. Ikifika 160/110, kaa dakika kumi na tano, rudia; ikibaki hapo usiku au mchana ni hospitali, hata kama unacheka kama yule binti wa mahindi.

Na bila kujali mashine inasema nini, hospitali ni lazima kwa haya: kichwa kinachouma bila kusikia panadol, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu ya chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia (wengi wanadhani ni kiungulia wanakunywa magadi), kupumua kwa shida, mkojo kupungua, damu ukeni au tumbo kukakamaa kama jiwe, na mtoto kupunguza kucheza. Lile tumbo la jiwe linamaanisha kondo linaweza kuwa limebanduka kabla ya wakati. Ile ya mbavu inaweza kuwa ini linaumia na chembe sahani zinakwisha, na hiyo wakati mwingine huja presha ikiwa haijapanda sana.

Kama ukianguka tena, wanaokuwa nawe wakulaze ubavu wa kushoto, waondoe vitu vigumu karibu, wasikukandamize, na wasikutie chochote mdomoni. Nimeshapokea mama aliyeletwa na bajaji, kijiko kiko katikati ya meno, jino la mbele limekatika na damu inaingia kwenye njia ya hewa. Kijiko kilitupa kazi kuliko kifafa. Wapige 115, ni bure, usafiri wa dharura wa mama na mtoto mchanga. Wachukue kadi. Mganga hana nafasi kwenye saa hiyo. Kama mama mkwe ana dua, aisome njiani.

Hospitalini utachomwa magnesiamu salfeti. Huenda uliwahi kuchomwa, hukumbuki. Kwa utaratibu wa wodi zetu nyingi ni gramu 4 taratibu kwenye mshipa, mwili unahisi joto kama umefunguliwa tanuri, kisha gramu 5 kila tako, na nyingine 5 kila saa nne mpaka saa 24 zipite tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho. Sindano ya tako inauma, sikufichi. Lakini majaribio ya mwaka 2002 yaliyohusu wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 yalionyesha kwamba inapunguza kuanguka kifafa kwa zaidi ya nusu. Utamwona nesi akija na kinyundo anakugonga chini ya goti kabla ya kila sindano. Si mchezo. Goti lisiporuka, dawa imezidi mwilini, haongezi. Akiona pia pumzi ziko chini ya 16 kwa dakika au mkojo haufiki mililita 30 kwa saa, anasimamisha, na dawa ya kuizima, kalsiamu glukoneti, inatakiwa iwe pale kitandani. Mumeo anaruhusiwa kuuliza kama ipo.

Presha kali nayo ishushwe ndani ya saa moja, kwa hidralazini ya mshipa, labetaloli, au nifedipini ya kumeza. Kumeza, nasisitiza. Ile tabia ya zamani ya kutoboa kapsuli na kumiminia chini ya ulimi inaporomosha presha ghafla, mtoto anakosa damu.

Kuzaa kwa kawaida: presha yenyewe haikunyimi. Wengi wenye hali hii huanzishiwa uchungu na kuzaa vizuri. Kwako tatizo ni kovu. Ukipasuliwa wiki ya 32, chini ya mfuko wa uzazi panakuwa bado hapajatanuka, na wakati mwingine daktari hulazimika kukata kwa kusimama. Kovu la namna hiyo linaweza kuachia kwenye uchungu. Mstari wa kwenye ngozi hauwezi kukuambia ndani palikatwaje. Rudi hospitali ile, omba karatasi ya upasuaji au nakala ya faili. Kama ulikatwa kwa chini, kwa mlalo, mazungumzo yapo. Kama ni kwa kusimama, itakuwa upasuaji tena. Kwa vyovyote, usizalie zahanati, na misoprostol, vile vidonge vya kuanzishia uchungu, havifai kwa mwenye kovu. Panga hospitali yenye chumba cha upasuaji na benki ya damu, na kuanzia wiki ya 34 uwe umeshajua utalala kwa nani mjini.

Muda wenyewe: presha ikiwa imetulia na mkojo safi, tunaweza kukusogeza mpaka wiki ya 38 au 39. Dalili za awali zikija, wiki ya 37 ni mwisho. Zikiwa kali, baada ya wiki ya 34 hatungoji. Kabla ya hapo tunapima siku kwa siku, na kama mtoto atatoka mapema unachomwa deksamethasoni, miligramu 6 kila saa 12 mara nne, mapafu yake yakomae.

Kisha watu hupumua mapema mno. Presha hupanda zaidi kati ya siku ya tatu na ya sita baada ya kujifungua, wakati tayari uko nyumbani umezungukwa na mashangazi na uji wa pilipili manga. Kifafa kinaweza kuja hata hapo. Omba usitoke wodini haraka, na upimwe siku zote za wiki ya kwanza. Leba wakumbushwe usichomwe ergometrini ya kuzuia damu, kwa sababu inapandisha presha, oksitosini inafaa. Uzazi wa mpango, epuka vidonge vyenye homoni mbili. Kitanzi au kijiti ni salama kwako. Na presha uipime maisha yote, maana aliyepitia haya hatari yake ya moyo na kiharusi ni kama mara mbili ya mwenzake.

Mama mkwe usigombane naye. Alikuona ukitupwatupwa alfajiri ile, akakosa neno la kukieleza alichokiona. Nenda naye kliniki safari hii, nesi amwonyeshe kijiti cha mkojo kinavyobadilika rangi, na umpe yeye kazi ya kuandika daftari la presha.

Losartan iliyobaki kabatini, ibebe siku hiyo hiyo uikabidhi. Usimwachie jirani eti naye ana presha, na usijiwekee ya baada ya kujifungua: ukiwa unanyonyesha tutakupa nifedipini au enalapril, ambazo maziwa yake mtoto ananyonya bila shida.